Sehemu ya Kumi na Moja

Kuna sentensi ambayo kila msomaji wa hadithi za simu ameshaikariri. Huja mwishoni mwa sehemu ya kumi, mara nyingi kwa herufi kubwa: hadithi hii ipo nzima, anayetaka kuanzia sehemu ya kumi na moja mpaka mwisho atume shilingi elfu moja kwa namba ifuatayo, jina litakalotokea ni fulani. Jina hilo si lile lililoandikwa juu ya hadithi. Kule juu kuna jina la kalamu, lenye mbwembwe zake. Huku chini kuna jina la laini, lile lililosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na pengine si lake mwandishi, ni la dada yake au la mumewe. Ndipo mahali pekee katika hadithi nzima ambapo mtunzi anatokea bila kujipamba.

Nataka kuihakiki sentensi hiyo kama sehemu ya hadithi. Wahakiki wetu, hata wakikubali kuzigusa hadithi hizi, huzigusa kwa ncha za vidole. Mwalimu mmoja aliposikia kwamba nataka kuziandikia tasnifu ya uzamili aliniuliza kama vitabu vimekwisha maktaba. Wanaozisema vibaya wanasema zimejaa vitanda, hazijahaririwa, r na l zinapokezana viti. Kwa nyingi ni kweli. Wanaozitetea wanasema vijana wanasoma, tena Kiswahili, tena mamia ya kurasa kwa hiari yao. Nayo ni kweli. Lakini pande zote mbili huizungumzia pesa kana kwamba iko nje ya hadithi, imesimama mlangoni kama mkata tiketi. Mimi naiona imekaa ndani, katikati ya ploti, inaamua nani aishi na nani asahaulike.

Chukua hadithi yoyote ya aina hii, ya upelelezi, ya majini, ya bosi na hausigeli, uisome kuanzia mwanzo. Utakuta kazi imefanyika. Aya ya kwanza imepigwa msasa. Kila sehemu ina maneno kama mia sita au mia saba, kipimo cha foleni moja ya daladala, na kila moja hukatwa mahali panapouma: kitasa kinazunguka, au simu inaita na jina lililotokea kwenye kioo ni la marehemu. Halafu "Itaendelea". Kesho yake sehemu mpya inafunguliwa kwa "Ilipoishia", na aya ya mwisho inarudiwa neno kwa neno. Mhariri wa kitabu angeyafuta marudio hayo. Lakini hadithi hii inasomwa ndani ya kundi lenye ujumbe mia tatu wa salamu za asubuhi na matangazo ya vitenge, na msomaji aliyeipotezea njia anahitaji kushikwa mkono arudishwe alipokuwa. Bibi zetu walifanya vivyo hivyo. Mtambaji mzuri hurudi nyuma kidogo kwa ajili ya aliyechelewa kuingia, na aliyewahi hachukii, anafurahia kusikia tena.

Wasomaji wana neno la hali wanayoachwa nayo baada ya "Itaendelea". Wanaiita arosto. Ni neno la vijiweni, la mtu aliyekosa kilevi alichokizoea. Mwandishi akiandikiwa "umetuacha na arosto" anajua amesifiwa, na sifa hiyo ndiyo inayompeleka mpaka sehemu ya kumi, ambapo arosto ni kali kuliko zote na namba ya simu inatokea.

Sasa lipa. Utapokea faili moja, au ujumbe hamsini kwa mpigo, na kama umesoma hadithi nyingi utaanza kuona jambo. Wahusika wanaacha kula. Mvua haiwanyeshei tena. Yule jirani mwenye redio aliyekuchekesha sehemu ya tatu hatatokea tena mpaka mwisho. Mazungumzo yanavutwa kama ubani wa kutafuna: unasema kweli, ndiyo, kweli kabisa, haki ya Mungu. Safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ambayo kwenye sehemu ya pili ingepewa vituo vyote na harufu ya mishikaki ya njiani, inamalizika kwa nusu sentensi. Karibu na sehemu ya arobaini anatokea pacha ambaye hakuwahi kutajwa. Sehemu ya hamsini na tisa wabaya wote wanakamatwa, ya sitini ni harusi.

Mwandishi ni yule yule na kipaji ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba ameshalipwa.

Hapa ni lazima nitoe hesabu, maana lawama bila hesabu ni umbea. Mimi mwenyewe nauza hadithi hizi tangu mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Iliyouzika kuliko zote ilikuwa na sehemu 60, kama maneno 42,000 hivi. Walionunua walikuwa watu 140. Kwa shilingi 1,000 kila mmoja nilipata shilingi 140,000, yaani shilingi tatu na senti kwa neno, kabla ya kutoa bando, makato ya wakala, na yule bwana ambaye siku ya pili aliirusha hadithi nzima kwenye kundi jingine akaiuza kwa 500. Sehemu kumi za mwanzo zilikuwa za bure. Kwa hiyo wateja wote 140 waliletwa na maneno 7,000 ya kwanza. Maneno 35,000 yaliyofuata hayakuniletea hata mteja mmoja. Mtu mwenye kodi ya miezi sita inayomsubiri Ubungo hahitaji kufundishwa wapi pa kumwaga jasho.

Utasema msomaji aliyeudhika hatanunua hadithi ijayo. Ananunua. Hadithi ijayo nayo ina sehemu ya kumi, na arosto haina kumbukumbu.

Kwa hiyo tunapouliza kwa nini katikati ya hadithi hizi ni pabovu, jibu la uvivu halitoshi, na jibu la elimu ndogo ya watunzi halitoshi kabisa, maana kumi za mwanzo zinaonyesha elimu wanayo. Jibu lipo kwenye mahali palipowekwa malipo. Mlango mmoja wa pesa, ukiwekwa mahali pamoja, unavuta ufundi wote kuja upande wake wa mbele, kama kokoro linavyovuta dagaa. Nyuma ya mlango panabaki maji.

Haikuwa hivi siku zote. Faraji Katalambula alipotoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na Elvis Musiba *Kufa na Kupona* mwaka 1974, waliuza vitabu vizima. Mnunuzi aliweza kusimama dukani akafungua ukurasa wa katikati akapima mwenyewe. Magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo, *Uwazi*, *Ijumaa* na *Risasi*, yalibeba hadithi za mfululizo ambazo zilisomwa nyumba nzima, na baada ya nyumba nzima zikafungia vitumbua. Pale msomaji alilipa kila toleo. Hadithi ikipwaya wiki hii, wiki ijayo ana sababu ndogo ya kununua gazeti, na mwenye gazeti anaona.

Mfano unaonivutia zaidi uko mbali. Kuanzia Machi 1836 mpaka Novemba 1837, kijana mmoja wa London aliyeitwa Charles Dickens alitoa *The Pickwick Papers* kila mwezi, shilingi moja kwa toleo. (Shilingi hiyo hiyo, ukipenda, ambayo Waingereza walituletea mwaka 1921 ichukue nafasi ya florini.) Mwanzo mauzo yalisuasua. Toleo la nne akaingia mtumishi mcheshi mwenye lahaja ya mtaani, Sam Weller, na mauzo yakapanda, mpaka mwishoni nakala zilizouzwa kwa mwezi zikafika kama 40,000. Tazama hilo. Pesa ililetwa na mtu aliyeingia hadithini baada ya safari kuanza. Katika mpangilio wetu wa leo Sam Weller angeingia sehemu ya kumi na tano, nyuma ya mlango, na asingeleta hata senti. Nina hakika wapo akina Sam Weller wa Kiswahili waliokufa hivyo, kwenye sehemu ambazo mtunzi alishalipwa na hakuona faida ya kuwaita.

Basi si tulipishe kila sehemu kivyake, shilingi hamsini hamsini? Nimelisikia wazo hilo mara nyingi, hasa kwa watu ambao hawajawahi kuuza kitu kwa shilingi hamsini. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na bila hiyo na ndugu zake soko hili lisingekuwepo kabisa. Hakuna benki ambayo ingekaa katikati ya mtunzi wa Handeni na msomaji wa Kahama kwa ajili ya elfu moja. Lakini kila kutuma kuna makato na kila kutoa kuna makato, na pesa ndogo ndiyo inayoumizwa zaidi. Julai 2021 serikali ikaongeza tozo ya miamala juu yake, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kutegemea kiasi, ikapunguzwa baada ya watu kupiga kelele. Kwa mwenye kutuma milioni zilikuwa kero. Kwa biashara ya sehemu moja moja zilikuwa fundisho kwamba usithubutu. Elfu moja ya jumla ndiyo kiwango kinachovumilika kwa pande zote mbili, na ndicho kilichochora umbo la hadithi.

Hata kujificha kwenye makundi kuna sababu zake. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama zake zote pamoja zilivuka shilingi milioni mbili kwa kuanzia. JamiiForums ilizimwa kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Ada zilishushwa baadaye. Lakini mtunzi anayetegemea wateja 140 ameshajifunza kwamba kundi la WhatsApp halina bango mlangoni, na hapo ndipo hadithi zilipobaki. Simu ikiibiwa Kariakoo, maktaba imeibiwa.

Ninapowaambia wenzangu wa darasani kwamba naandika mtandaoni kwa pesa, hawafikirii hadithi. Wanafikiria dola. Wanafikiria zile video zinazofundisha namna ya kulipwa kwa kuandika ukiwa nyumbani, ambazo sharti lake la kwanza, lisilotajwa, ni kwamba uandike Kiingereza na la pili ni kwamba usiweke jina lako. Katika Afrika Mashariki mfano mkubwa wa biashara hiyo uko Nairobi, ambako kwa miaka mingi vijana wenye shahada, waliokosa ajira, wamekuwa wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Akaunti za kufanyia kazi hiyo hununuliwa na kukodishwa kama vibanda vya sokoni. England ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuwaadhibu wanaouza huduma hiyo. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya Eloïse King, *The Shadow Scholars*, inayomfuata Profesa Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya anayefundisha Oxford, akiwatafuta waandishi hao. Nyuso za waandishi kwenye filamu zimebadilishwa kwa teknolojia ili wasitambulike. Kwa hiyo hata kwenye kazi iliyofanywa ili waonekane, wameonekana kwa nyuso ambazo si zao.

Sina haja ya kuwahukumu. Aliyekaa miaka minne chuo kikuu akarudi kukaa sebuleni kwa shangazi yake anajua mwenyewe. Ninachotaka kukiona ni kile kinacholipiwa. Mwanafunzi wa Manchester hakulipia insha tu. Insha ipo ya bure kila mahali. Alilipia insha ambayo aliyeiandika hatasema kamwe "ni yangu". Kila ukurasa uliuzwa pamoja na kufutika kwa aliyeuandika, na sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa huko kwenye kufutika. Halafu Novemba 2022 ikaja ChatGPT, ambayo inafutika bure. Soko likaanza kukauka, na sidhani kuna aliyeshangaa. Pale ambapo mnunuzi amekulipa ili usiwepo, atakayefuata kukuondoa ana kazi ndogo sana.

Siku hizi na kwetu watu wanaulizana. Mtu anatuma picha ya aya kwenye kundi na kuuliza, hii si ya mashine kweli? Wanazitambua kwa vitu vidogo: wahusika wanaovuta pumzi ndefu kila aya, mji usio na jina, mama wa Kitanga anayesema maneno ya mwanasaikolojia. Lakini angalia wanazikamatia wapi. Mara nyingi ni kwenye kumi za mwanzo, ambapo msomaji yuko macho. Nyuma ya mlango mashine inaweza kujaza sehemu arobaini za "unasema kweli" na hakuna atakayehoji, kwa sababu hata tulipoziandika wenyewe hazikuwa na mtu ndani. Mashine haikuvamia nyumba yenye wenyewe. Imekuta chumba kitupu, taa inawaka.

Nimekulia Tanga, na kwa hiyo nina mfano mwingine wa malipo ambao haufundishwi kwenye video zile. Kwenye taarab mtu hutunza. Muimbaji yuko jukwaani, wimbo unaendelea, na mwanamke mmoja anainuka kitini na noti mkononi. Haendi moja kwa moja. Anakwenda kwa mwendo wa ngoma, anapita mbele ya meza fulani, pengine anageuza shingo kidogo, na noti inamfikia muimbaji kwenye ubeti ule ule aliousubiri. Ukumbi mzima umesoma. Wamejua wimbo huu usiku wa leo unamhusu nani. Mwanaanthropolojia Kelly Askew aliandika kitabu mwaka 2002, *Performing the Nation*, na ndani yake ameueleza vizuri mchezo huu wa Tanga, jinsi noti inavyofanya kazi ya ulimi. Muimbaji hakumtaja mtu. Mtunzi wa maneno pengine yuko Zanzibar na hajui kinachoendelea. Aliyeukamilisha wimbo ni aliyelipa, kwa kuchagua wakati wa kulipa.

Kamusi inaliweka neno *tuzo* jirani na tendo hilo, na si bure. Lakini tuzo za fasihi tulizonazo sasa, ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, huja baada ya mwisho, kutoka kwa majaji, kwa mswada ambao watu wengi hawajausoma. Nazishukuru, nimeomba na nitaomba tena. Zinalipia kazi iliyokamilika. Kutunza ni kulipia sekunde.

Tofauti yake na sentensi yangu ya elfu moja ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye hadithi ya simu mtu analipa akiwa hajui anacholipia, na analipa kwa siri. Siri hiyo ina faida yake, sitaki kuidharau: dada anayesoma chombezo usiku mumewe amelala hataki kuinuka na noti mbele ya ukumbi. Lakini malipo yake hayasemi neno lolote ila "nimeshindwa kuvumilia". Mimi mtunzi napokea meseji 140 za muamala, zote zinafanana, zote zimekuja kwenye nukta moja, na hazinifundishi chochote kuhusu nilichoandika baada ya hapo. Kwa miaka mitatu nilijua wasomaji wangu ni wangapi. Walichokipenda sikukijua.

Mwaka jana niliamua kuandika hadithi moja isiyo na mlango. Kundi lilikuwa na watu 212. Niliweka namba ya simu juu kabisa, kwenye maelezo ya kundi, na masharti mawili: tuma ukitaka, isipungue 1,000 ili makato yasiile, ukituma, niandikie faragha ni kwa ajili ya sehemu ipi. Nilikuwa nimewaeleza kwamba sitaficha kitu, mwisho wataupata wote. Rafiki yangu anayeuza hadithi kwa kumi na hamsini zake aliniambia nimefungua duka la sadaka.

Hadithi ilikwenda sehemu 48. Waliotuma walikuwa 61, baadhi zaidi ya mara moja, na jumla ikawa shilingi 96,000. Ni pungufu, na kodi haikujali majaribio yangu. Nilikopa. Mtu akitaka kuichukua hesabu hiyo kama ushahidi kwamba mlango wa elfu moja ni wa lazima, simzuii.

Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na ramani. Sehemu ya 7, ambayo ina maiti kwenye shina la mkorosho na niliiandika nikitetemeka kwa kujipenda, ililetewa pesa na watu watatu. Sehemu ya 12, yenye mapenzi, watano, wote usiku wa manane. Sehemu ya 23 ilinipa watu kumi na tisa. Ndani yake hakuna kinachotokea. Mama wa mhusika mkuu, ambaye ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani, anahesabu pesa za wenzake kitandani baada ya watoto kulala. Inapungua elfu nane. Anahesabu tena, inapungua elfu nane. Anaamka, anakunywa maji, anahesabu mara ya tatu akianzia na noti ndogo. Inapungua elfu nane. Basi. Kwa mpangilio wa zamani sehemu hiyo ingekuwa nyuma ya mlango, na nadhani nisingeiandika kabisa, ningemfanya mama aseme tu kwamba pesa zimepotea.

Watu kumi na tisa waliniandikia, na karibu wote waliniandikia kuhusu kikoba. Mmoja alitaja kiasi chake kilichowahi kupungua, senti kwa senti, na mwaka. Nikaanza kuandika kwa namna nyingine. Yule mama, niliyekuwa nimemweka ili awe chanzo cha tatizo tu, akaanza kuchukua kurasa. Jirani mwenye redio akarudi sehemu ya 31, bila sababu ya ploti, kwa vile niliona watu wawili wamemtunza tangu sehemu ya 4. Huko katikati palipokuwa pakavu pakaota majani. Sisemi hadithi ilikuwa bora kuliko zote nilizoandika. Ina kona nyingi, na upelelezi wenyewe ulilegea, jambo ambalo wapenzi wa maiti walinieleza bila kuniremba.

Kutunza kuna upande mwingine pia, ambao nilikuwa nikiujua kutoka ukumbini na sikuwahi kuufikiria kwenye simu. Mmoja wa wale kumi na tisa alikuwa msomaji wa Muscat. Anafanya kazi za ndani huko, na pesa ililetwa na mdogo wake aliyeko Tanga, shilingi 10,000, kubwa kuliko zote. Ujumbe wake ulikuwa wa sauti, kwa kunong'ona, na nyuma yake mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Alisema hii ni ya sehemu ya 23. Halafu akasema, dada nakuomba, huyo mama usije ukamfanya mwizi.

Mama alikuwa mwizi. Nilishapanga hivyo kabla ya kuandika sehemu ya kwanza. Sehemu ya 40 ingefichua kwamba elfu nane alizichukua yeye mwenyewe mchana ule, na kwamba kuhesabu kwake mara tatu ni kwa mtu anayetumaini hesabu itamsamehe. Bila hilo, 23 haina maana niliyokusudia iwe nayo.

Nilizunguka na sauti ile siku kadhaa. Kwenye taarab noti haibadilishi maneno ya wimbo, hilo ni kweli, muimbaji anapokea na kuendelea na ubeti. Lakini wimbo wa taarab umeshatungwa. Hadithi yangu ilikuwa bado mkononi, na aliyeniomba alikuwa amelipa siku nzima ya kupiga deki kwa watu. Rafiki yangu muuzaji alicheka, akasema hiyo ndiyo raha ya kuuza nzima, mteja anakuta mama ameshaiba. Mhakiki aliye ndani yangu alisema usiguse chochote. Nilipokuwa nasoma kuhusu soko la insha za Nairobi nilijiambia kwamba ubaya wake ni kuandika kile anachotaka mlipaji, na sasa mlipaji alikuwa ameniambia anachotaka, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwetu, kwa jina lake.

Sehemu ya 40 niliiacha na wizi wake. Ila niliiandika upya mara mbili, ikawa ndefu kuliko sehemu zote, kwa sababu nilirudi kwenye mchana ule nikamkuta mama amesimama duka la dawa na cheti mkononi, mbele yake wapo watu wanne, na nikakaa naye kwenye foleni mpaka zamu yake. Hilo halikuwemo kwenye mpango. Niliituma Alhamisi jioni.

Kundi liliongea usiku kucha. Muscat kimya. Siku ya tano uliingia ujumbe wa muamala, shilingi 2,000, kwa jina la mdogo wake. Nikamwandikia kumuuliza hii ni ya sehemu gani. Akajibu kwamba dada hakusema.